Mama Anaingilia Mlango wa Jikoni

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Tumefika. Baridi ya Agosti, ile ya kupenya soksi. Musembi ametushusha mbele ya nyumba na kugeuza gari papo hapo – ana mkutano. Ndugu yangu ana mkutano kila siku ya Mungu. Zawadi ni yake: wiki nzima, mimi na Mama, kwenye nyumba ya wazungu ambamo Mama alifanya kazi alipokuwa msichana. Mama ametimiza miaka themanini. Musembi amelipa kila kitu na kutangaza kwenye grupu ya familia, na picha ameweka, kwa hiyo siwezi kunung'unika mpaka Jumapili atakapokuja kutuchukua.

Nyumba hii tumeijua tangu utoto, mimi na yeye, bila kuiona. Usiku kule Kiganjo, Thika, kitanda kimoja sote wawili, Mama alikuwa akitusimulia. Piano. Mawaridi. Birika la fedha alilokuwa akilisugua kwa majivu na ndimu mpaka unaona meno yako. Mbwa mwenye kiti chake mwenyewe. Tulicheka sana kuhusu huyo mbwa.

Sasa Mama hasimulii kitu. Alianza kwa kusahau sufuria motoni, yakafuata majina ya majirani, na mwisho mimi. Tangu Krismasi hata maneno yamemwisha. Anakaa kwenye kiti chake na kunitazama kwa heshima, vile unavyomtazama mgeni ambaye hujui atakaa mpaka lini. Musembi aliona video fulani kwenye simu, eti mgonjwa wa kusahau akirudishwa mahali pa ujana wake, kumbukumbu zinafunguka. Sikuamini. Lakini nimefunga duka, nimewaachia mafundi wangu yunifomu za shule, na nimekuja. Nataka aniite Nduku. Mara moja tu, sitaki makubwa.

Nyumba ni nzuri, lazima niseme. Ilikuwa gofu, akainunua tajiri mmoja wa Nairobi, Githinji, akairudisha kama ilivyokuwa. Mabati mekundu, mbao za sakafu zinang'aa, veranda ndefu. Kahawa iliyoizunguka imebaki mistari michache upande wa barabara. Chini, ng'ambo ya ua, wanajenga maghorofa. Lakini huku juu ni kimya, unasikia njiwa tu. Pazia za chumba chetu zimeshonwa vibaya. Pindo linavuta upande mmoja.

Meneja ni msichana anaitwa Ngendo. Alitungojea mlango wa mbele na glasi mbili za juisi. Nikapanda ngazi, nikageuka – Mama hayuko. Tukamtafuta. Alikuwa amezunguka nyumba yote peke yake, bila kuuliza mtu, akafika mlango wa jikoni. Viatu alikuwa amevivua na kuvipanga kwenye ngazi, kimoja kando ya kingine.

Ngendo akacheka kwa wema, akasema shosho, bibi huyu, anajua njia kuliko sisi. Nikacheka pia.


Jumanne, 5 Agosti

Kitanda chake hakikulaliwa. Nilimkuta asubuhi jikoni, na pembeni kuna stoo ndogo, na kwenye sakafu ya stoo alikuwa amekunja gunia na leso yake. Hapo ndipo alipolala! Veranda yote ilikuwa imeshafagiliwa. Tobias, mpishi, alisema alimkuta akiosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu.

Nikaingia na gauni langu la kulalia na shali mabegani. Mama akanyooka. Akaweka mikono nyuma.

"Jambo, Memsahib. Chai iko tayari."

Sentensi nzima! Tangu Krismasi sijasikia maneno manne yakifuatana kutoka kinywani mwake. Nililia hapo hapo mbele ya Tobias, kwa furaha, mjinga mimi. Nikampigia Musembi kabla ya kunywa hiyo chai.

"Si nilikuambia?" akasema. "Hiyo ni progress, Nduku. Usiharakishe. Wacha afunguke."

Nikamwambia kwamba ananiita Memsahib, kama yule mzungu aliyemwajiri. Akasema ni sawa, ameanza mbali, atafika karibu. Musembi anauza bima. Anajua kumtuliza mtu.

Lakini kuna hili: ananisemesha Kiswahili. Mama yangu hajawahi kunisemesha Kiswahili nyumbani. Kiswahili alikuwa akikitumia sokoni na kwa daktari. Namwongelesha Kikamba, ananijibu Kiswahili, kile kifupi cha jikoni, ndiyo Memsahib, hapana Memsahib. Nilimwambia, Mwaitu, mama yangu, ni mimi. Akainamisha kichwa.

Na chakula hali. Ngendo alituandalia meza nzuri kwenye chumba kikubwa, kitambaa cheupe, maua. Mama alisimama nyuma ya kiti changu muda wote niliokuwa nakula. Nilimvuta mkono akae, akaukaza mwili. Sikujua bado ana nguvu hivyo. Kutwa nzima amekunywa chai tu, amesimama, akiwa ameupa ukuta mgongo. Dawa zake za sukari haziendi bila chakula.


Jumatano, 6 Agosti

Siku mbaya.

Asubuhi mikono yake ilikuwa inatetemeka na jasho kwenye paji la uso, baridi yote hii. Nilimpa uji, akaupokea kwa mikono miwili, akaupeleka kwenye sinki na kuosha bakuli. Nikamwekea sukari kwenye chai kwa nguvu, vijiko na vijiko. Nikaamua basi, zawadi imetosha, tunarudi Kiganjo. Ngendo akaita teksi.

Mama aliponiona na begi alishika fremu ya mlango wa jikoni. Hakulia kama mtu mzima. Aliomba. Akauliza amekosa nini. Akasema hajavunja kitu, sukari hajachukua, waulize wote. Akasema Memsahib usinifukuze, wapi nitapata kazi nyingine. Dereva wa teksi alikuwa anatazama chini. Nilijaribu kumbandua vidole, vidole vya mama yangu, kimoja kimoja, nikashindwa kuendelea. Teksi ikaondoka tupu.

Tobias akaweka sahani ya viazi na kuku kwenye meza ndogo ya jikoni na akatoka nje, mtu wa akili. Mama amesimama. Sahani inapoa. Nikabembeleza kwa Kikamba, nikabembeleza kwa Kiswahili, nikamwomba kwa jina la Yesu. Hakuna. Na mimi nina hasira za karibu, kila mtu Thika anajua, hata wateja.

"Kavindu! Keti hapo. Kula hii chakula. Sasa."

Akaketi kwenye kigoda. Akala. Alikula yote, akafuta sahani kwa kidole. Dawa akameza bila maji. Akasema asante, Memsahib.

Nilienda bafuni nikafungua maji ili nisisikike. Kwetu mtoto hamwiti mzazi jina lake. Hata nikijaza karatasi kliniki, wakiniuliza jina la mgonjwa, nalisema chini chini na kutazama pembeni. Nina miaka hamsini na mbili, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwita mama yangu jina lake mbele yake. Nilimfokea nalo.

Lakini alikula.


Alhamisi, 7 Agosti

Mvua nyepesi tangu asubuhi.

Sasa mimi ni Memsahib, na kila kitu kinaenda. Kavindu oga. Kavindu vaa sweta. Kavindu utalala kitandani kwenye hiki chumba, unilindie vitu vyangu. Analala kitandani. Sukari nimempima, iko sawa. Rangi imemrudi usoni. Anafanya kazi kutwa na hachoki, anang'arisha vijiko vya Ngendo, anapiga pasi vitambaa vya meza. Na anaongea! Ananiambia nyama ya leo ina mifupa mingi, anasema mvua hii itaharibu nguo kambani.

Sauti yenyewe nimeipata bila kutafuta. Kavu, inatoka puani kidogo. Dukani nina mafundi wawili na sijawahi kuwasemesha hivyo. Inanitisha kwamba ni rahisi. Inatakiwa tu usimalize sentensi na usimtazame mtu.

Kwenye simu nilimwambia Musembi kwamba Mama anakula. Sikumwambia kwa njia gani. Akaniuliza kama ameshaniita jina. Nikasema bado.

Mchana, nikiwa kwenye kiti cha veranda na blanketi miguuni, nikasikia mtu anakohoa kidogo, kile kikohozi cha adabu. Mama alikuwa kwenye kizingiti. Kitambaa cha kichwa amekivua amekishika mbele kwa mikono miwili. Nywele zake nyeupe zote nje. Sijawahi kumwona akisimama mbele ya mtu bila kitambaa.

"Memsahib, naomba ruhusa. Mtoto anaumwa. Nitaenda kumwona tu, nitarudi kabla ya chai ya jioni."

Mtoto gani, nilijiuliza. Mimi? Musembi? Musembi alikuwa na kifua alipokuwa mdogo, nakumbuka harufu ya mafuta aliyopakwa. Nje mvua, matope, na huko chini anakotazama kuna shimo la msingi na vyuma vya ujenzi. Nikisema hapana atalia. Nikimwacha atatoka. Nikafikiria upesi, nikajiona mjanja.

"Kesho," nikasema.

Hakubisha. Ndiyo, Memsahib. Akafunga kitambaa chake akarudi jikoni. Nikajipongeza, kweli nilijipongeza. Nikasema hivi ndivyo inavyofanywa, hakuna machozi, hakuna kuvutana, kesho atakuwa amesahau.


Ijumaa, 8 Agosti

Hajaniuliza tena. Lakini hajasahau.

Tangu asubuhi yuko dirisha la jikoni. Anasugua kijiko kimoja huku anatazama chini kule ng'ambo ya ua, kwenye maghorofa. Anatega sikio. Ukimwita anakuja, ukimwambia kula anakula, lakini macho yanabaki dirishani. Aliunguza kitambaa cha meza kwa pasi. Mama! Mimi ushonaji nimejifunza kwake, na pasi kabla ya sindano. Alikificha chini ya beseni. Nilipokiona akajifunika uso kwa mkono, akingoja kupigwa.

Nikaona niulize. Nani wa kuulizwa? Baba alishakufa. Aliyebaki wa enzi hizo ni Mbithe wa Witeithie, rafiki wa Mama, walichuma kahawa pamoja hapa kabla Mama hajaingizwa jikoni. Tunamwita shangazi ingawa si damu. Nikampigia.

Kwanza alifurahi kusikia sauti yangu. Akauliza mama yenu anaendeleaje. Nikamwambia tuko wapi.

Akaniuliza ni nani aliyempeleka pale. Nikamweleza Musembi, zawadi, miaka themanini. Akasema, na hamkuniuliza. Nikasema Mama aliipenda hii nyumba, shangazi, alikuwa akitusimulia kila siku. Birika, piano, mbwa. Mbithe akasema, mlitaka awasimulie nini, mlikuwa watoto.

Nikamuuliza ni mtoto gani aliyekuwa anaumwa.

Naandika vile alivyoniambia, nisije nikapunguza. Ni Muthoka. Nilijua kulikuwa na mtoto kabla yetu, hilo jina nililisikia mara moja, kwenye mazishi ya Baba, mzee mmoja alilitaja na akanyamazishwa. Sikujua zaidi. Alikuwa ameanza kutembea. Mama alikuwa akilala huku juu wiki nzima, kwenye ile stoo, na mtoto alibaki chini kwenye nyumba za wafanyakazi, Mbithe akimlea pamoja na wake. Nyumba hizo zilikuwa pale wanapojenga sasa. Mtoto akashikwa na kifua. Mbithe alipanda mpaka mlango wa jikoni kumwambia Mama. Mama akavua kitambaa cha kichwa akaenda kuomba ruhusa.

Memsahib alikuwa na wageni wanakuja. Akasema kesho.

Mama hakutoroka. Mbithe alisema hivi bila kumlaumu: ungetoroka kazi siku hizo, mume wako anafukuzwa pia, na nyumba mnatolewa, na mtoto mgonjwa mtampeleka wapi. Akangoja kesho. Alihudumia meza. Muthoka alikufa mikononi mwa Mbithe siku hiyo ya kungoja, jua likiwa bado halijazama. Asubuhi iliyofuata wakamzika nyuma ya zile nyumba, Mama akiwepo. Siku ya pili yake Mama akarudi jikoni. Hata Mbithe hakuambiwa tena neno juu ya mtoto yule, na wamekuwa marafiki miaka yote hii.

Halafu akaniuliza kama Mama ameshaomba ruhusa. Nikasema ndiyo.

Ukamwambia nini, akauliza.

Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata simu. Nimemdanganya mama mzee kwa sababu sikuweza kulitamka hilo neno.

Ningeweza kusema chochote. Ningesema nenda, nimfunike mwavuli, tuzunguke bustani turudi. Katika maneno yote nilichagua hilo.


Jumamosi, 9 Agosti

Nimekaa tangu kuamka nikingoja aombe tena. Nitasema ndiyo. Nitasema nenda na ukae huko. Sitaki kitu kingine kwa sasa, hata jina langu nimelisamehe. Nataka asikie ndiyo.

Haombi. Nilimfuata jikoni.

"Kavindu, si ulitaka kwenda kumwona mtoto? Nenda. Nimekupa ruhusa."

Hakunitazama. Alikuwa anapanga vikombe. "Hapana, Memsahib. Kuna wageni."

Na kweli kulikuwa na wageni. Watu wa Nairobi, bibi harusi mtarajiwa na marafiki zake, wamekuja kupigwa picha kwenye veranda. Magauni ya kukodi, naona zipu zinavyovuta. Mama alikuwa ameshapata aproni nyeupe sijui kutoka wapi, amebeba trei. Ngendo alimkimbilia aichukue, Mama akamzunguka. Anajua kupita mlango kwa mgongo bila kikombe kimoja kulia. Akawatolea chai wote, kila mtu kwa upande wake wa kushoto, bila kusikika.

Mmoja mwenye kofia pana akapiga makofi kidogo. "Aki Ngendo, hii ni next level. Shosho na aproni! Mmemtoa wapi? She's so authentic." Akanyanyua simu ili apigwe picha naye. Akamwekea Mama mkono begani na kutoa meno. Mama alisimama wima kabisa na kutazama mbali.

Ngendo aliniangalia. Alikuwa amepauka. Anajua Mama ni nani.

"Huyo ni mama yangu," nikasema. "Ni mgeni hapa kama wewe. Toa mkono."

Kofia ikashuka. Na hapo Mama akaongea, polepole, akiwaambia wao, si mimi:

"Msikasirike. Memsahib amechoka. Hajalala vizuri."

Aliniombea radhi! Akanivutia kiti nikae, akanimiminia chai.

Nimemwambia Musembi. Nilijifungia bafuni nikamwambia yote, sauti ya Memsahib, Muthoka, kesho. Nilitaka kumpigia kelele, nilikuwa nimejiandaa, kwamba wewe na video zako. Lakini nilipomaliza hakujitetea. Akasema, "Mimi ndiye niliyemleta." Akasema atakuja kesho mapema, hataenda kanisani. Beth, mke wake, alichukua simu akaniuliza nimemfanya nini mume wake, kwa sababu ameketi chini sakafuni.

Jioni Mama alikula wali wote. Nilimwambia kula, Mama. Akangoja. Nikamwambia kula, Kavindu. Akala.

Huko nyumbani itakuwaje? Hilo ndilo nalifikiria. Nikirudi naye Kiganjo na kuwa Nduku tena, hatakula. Nikitaka aishi, niendelee kuwa yule mwanamke. Nimlishe mama yangu kwa sauti ya mtu aliyemwua mtoto wake – nimeandika, na sifuti. Mpaka lini? Na akifa, atakufa akijua ni mimi niliyemshika mkono, au atajua ni yule?


Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi. Jikoni.

Mabegi nimefunga. Musembi amepiga, amepita Witeithie, anakuja. Mpango wangu ulikuwa huu: sitangoja aombe. Nitampa ruhusa yenyewe, kamili, na nitamwambia gari la kumpeleka kwa mtoto liko nje. Ataingia bila kuvutwa vidole. Ni uongo, najua. Nilikesha nikiupima na sikupata mwingine ulio mzuri zaidi.

Niliketi hapa kwenye meza ndogo na hiki kitabu nikingoja. Tobias amewasha moto. Ngendo anakausha glasi za jana, tangu jana ananiita Mum kwa sauti ya matanga.

Mama ameingia kutoka nje. Viatu ameviacha kwenye ngazi. Kitambaa cha kichwa hana, amekishika mbele kwa mikono miwili.

Sikungoja hata afike kizingiti. Nilisimama, kiti kikaanguka. Nikasema, na sikusema kwa ile sauti, nilisema kwa yangu:

"Nenda, Kavindu. Nenda sasa hivi kwa mtoto wako. Gari liko. Usirudi leo, usirudi kesho, kaa naye mpaka apone."

Akanitazama. Wiki nzima hajanitazama usoni hivyo. Macho makavu, wala hayakuwa ya mtu aliyepotea. Alikuwa anajua kabisa aliko.

"Hakuna haja, Memsahib," akasema. "Tulimzika jana."

Glasi ya Ngendo imegonga sinki.

Akafunga kitambaa chake, akakaza fundo nyuma ya shingo kama anavyolikaza siku zote. Akatoa aproni kwenye msumari akaivaa. Akasema amechelewa kidogo leo, nimsamehe, njia ilikuwa na matope. Halafu akaja mpaka hapa mezani, akaokota kiti changu akakisimamisha, akarudi hatua moja nyuma.

"Nianze na nini?"

Nilikaa, nikashika kalamu, na ndiyo naandika. Gari la Musembi limepiga honi getini. Ngendo anasema Mum, Mum, ongea na yeye. Niseme nini? Pole? Kwa sauti ya nani? Nikisema pole kama Nduku hatasikia, na yule mwingine sijui kama alisema pole. Nadhani hakusema. Nadhani alimpa kazi.

Musembi ameingia. Kwa mlango wa mbele, nasikia viatu vyake kwenye mbao, anaita Mwaitu, Mwaitu. Mama hageuki. Amesimama na mikono nyuma, hana haraka. Lazima yule Memsahib alikuwa akikaa hapa hapa asubuhi kupanga kazi za siku, maana Mama anaona naandika na anangoja nimalize.